Duara Lisilo na Kitako

Alikuwa na tabia ya kuzuia pumzi. Ungemkuta Fundi Mizani ameinama juu ya mizani ya mnunuzi wa dhahabu, midomo kaibana, mabega hayapandi wala hayashuki, ukadhani mzee wa watu amekata roho akiwa wima. Namba zikitulia kwenye kioo ndipo anaachia pumzi, anaandika, anainama tena. Hata dukani kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Nikimchapia barua zake alisimama nyuma ya kiti changu bila kupumua mpaka printa iteme karatasi. "Fundi," nilimwambia siku moja, "ukinifia humu ndani nitawaambia nini watu wa kwenu Didia?" Akacheka kwa pua, na barua iliyofuata akazuia pumzi vile vile.

Jina lake nalijua. Nimelichapa mara nyingi kuliko jina la mwanangu Zuhura. Lakini kuanzia hapa Nyasubi, mjini Kahama, mpaka machimbo ya upande wa Masumbwe aliitwa Fundi Mizani tu, nami nitamwita hivyo, kwa sababu kwa nililomfanyia naona haya kumtaja. Mimi ni mwanamke wa steshenari: nachapa, natoa kopi, natuma barua pepe za watu wasio na kompyuta. Kwa miaka kumi na moja nilimchapia mzee huyu ombi moja tu, kwamba apatikane mtu wa kumsaidia kupeleka gololi mbili angani, moja ya dhahabu na moja ya jiwe, aone kama zinaanguka sawasawa. Siku jibu la kweli lilipokuja, nililificha.

Nitafika huko, sikimbii. Ila siwezi kueleza nilichokifanya bila kwanza kumweleza mtu niliyemfanyia.

Kilichompatia ugali kilikuwa kutengeneza mizani. Zamani alikuwa mtunza maabara kwenye shule moja ya sekondari mjini Shinyanga, na maabara haikumtoka mwilini. Akiitwa kwenye duka la mnunuzi, kwanza anawatoa watu wote nje. Anafunga mlango na dirisha, anazima feni, anaiweka mizani mezani, halafu anatoka na yeye, anakaa barazani muda wa kumaliza kikombe cha chai. "Acheni ipoe," anasema. "Mmeijaza joto la miili yenu." Wanunuzi walisonya, wachimbaji waliokuwa kwenye foleni wakalalamika jua, yeye anakunywa chai. Mawe yake ya kupimia aliyafunga kwenye kipande cha kitenge na hakuyagusa kwa vidole hata siku moja. Aliyashika kwa kibanio kidogo cha chuma. "Jasho nalo lina uzito," ndiyo ilikuwa kauli yake. Nikamjibu kwamba kama ni hivyo, jasho alilomwaga kwenye barua zisizojibiwa lingejaza fuso.

Kauli nyingine ilikuwa hii: "Uzito si mali ya kitu. Uzito ni ugomvi wa vitu viwili." Alimaanisha kwamba jiwe peke yake halina uzito wowote, dunia inalivuta jiwe, na jiwe, kwa udogo wake huo huo, linaivuta dunia. Nilichukua miaka kuielewa. Siku nilipoielewa nilikuwa nasonga ugali, nikacheka peke yangu jikoni, Zuhura akaniuliza mama umepatwa na nini.

Hakukubali kuchezea mizani ya mtu. Mnunuzi mmoja mwenye ukwasi alimwita amtengenezee mizani isome pungufu, kidogo tu, kiasi ambacho mchimbaji hawezi kukigundua. Fundi akakataa. Akaitwa mara ya pili, akakataa tena, na safari hii akatoka nje akawaambia wachimbaji waliokuwa kwenye foleni kwamba mizani ile ameiacha sahihi, na ikija kubadilika wajue si mkono wake. Jioni ile aliingia dukani kwangu shati limechanika begani na mdomo umevimba. Niliinuka nikatafute maji.

"Kaa, Mama Zuhura," akasema. "Tuandike kabla sijasahau. Ukurasa wa tatu, pale kwenye habari ya joto na ule uzi wa kuning'inizia gololi."

Nilichapa huku nikichungulia nje, maana ng'ambo ya barabara pikipiki mbili zilikuwa zimesimama na waliozipanda hawakuzima injini. Walikuwa wanatazama mlango wangu. Kila nikikosea neno Fundi ananirudisha nyuma, polepole, kwa adabu, tofauti na mtu aliyetoka kupigwa. Tulimaliza ukurasa wa tatu. Pikipiki zilipoondoka nilimwuliza kama aliziona, akaniuliza pikipiki gani.

Lakini msimfanye malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi. Mzee yule yule ambaye asingeiba hata uzito wa unywele kwenye mizani, ukigeuka kumhudumia mteja alisogeza kizibo cha soda kwa kidole gumba, na ukimkamata anaapa kwa kaburi la mama yake. Alikuwa pia mwoga wa urefu kupita mtoto mdogo. Machimboni hakuthubutu kusogea kwenye mdomo wa duara, yaani shimo wanamoshuka wachimbaji. Alisimama mbali, akauliza maswali yake kwa kupaza sauti. Kwake, nje kidogo ya Didia, kuna jabali nyuma ya zizi ambalo watu hupanda kutafuta intaneti. Mkewe aliniambia tangu aolewe hajamwona mumewe akilipanda. Hata bati likivuja, anayekwea juu ya paa ni huyo mama. Nilimtania sana kwa hilo: mtu anaogopa ngazi, halafu anataka kwenda juu ya mawingu.

"Siendi mimi," alinijibu kwa hasira. "Zinakwenda gololi."

Gololi hizo nilizishika mara moja, kwa kibanio, baada ya kunawa. Wachimbaji wengi aliowatengenezea mizani hawakuwa na cha kumlipa, wakawa wanampa vichembe vya dhahabu ambavyo ukipiga chafya vimepotea. Alivikusanya miaka, akaviyeyusha, akapata gololi ya ukubwa wa punje ya njegere. Mkewe alikuwa akiitazama anaona bati jipya, na sikumlaumu. Ya pili ilikuwa ya jiwe jeupe la mwamba uliobeba dhahabu hiyo, ameisugua kwa mkono misimu miwili ya mvua mpaka ikawa mviringo kamili. "Vimelala pamoja ardhini tangu Mungu aumbe," alisema. "Nataka nijue kama na kuanguka vitaanguka pamoja."

Siku moja wachimbaji watatu walikuwa dukani wanangoja kopi za vitambulisho, mmoja akamwuliza hizo karatasi zisizokwisha ni za nini. Fundi akamwuliza naye swali.

"Ukidondosha dhahabu na jiwe kwenye duara, kipi kitatangulia kufika chini?"

"Dhahabu, mzee. Nzito ile."

"Vinafika pamoja. Nimewatuma watu wakajaribu. Lakini duara lina kitako. Unahesabu moja, mbili, tatu, puu, mchezo umekwisha. Kama vinapishana kwa robo ya unywele, kwa muda huo nani ataona? Mimi nataka duara lisilo na kitako."

"Halipo hilo."

"Lipo. Setilaiti mnazozisikia hazielei. Zinaanguka. Zinaanguka usiku na mchana, ila zina kasi, kiasi kwamba kabla hazijaifikia dunia, dunia imeshajikunja chini yake. Ukiweka gololi zangu humo, zitaanguka mwaka mzima bila kugonga kitu. Kama zinapishana, zitashindwa kuficha."

Kisha yule wa kwanza akauliza, "Na matimba?" Matimba ni yale magogo yanayozuia kuta za duara zisiwaporomokee watu.

"Hakuna matimba."

"Basi mimi sishuki," akasema, duka zima likaangua kicheko, Fundi akacheka mpaka akafuta macho. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Walimwelewa, na yeye aliona kwamba wamemwelewa, tofauti na wenye ofisi.

Maana wenye ofisi walimwambia swali lake limeshajibiwa. Alilijua hilo kuliko wao. Wenzetu wa ng'ambo walishapima metali zao kwa njia hiyo, na zikaanguka sawa. "Wamepima za kwao," alisema. "Mizani iliyopima mchele wa jirani haijapima wangu." Fomu zote zilikuwa na mstari mmoja uliomshinda, ule wa taasisi. Ofisi moja ilimtaka alete barua ya chuo. Chuo kikamtaka alete barua ya ofisi. Kampuni moja ikampa kofia na kalenda. Nikifika kwenye mstari ule nilimwuliza, "Taasisi?" naye anajibu, "Piga kistari." Nikapiga vistari miaka kumi na moja. Siku nyingine nilitaka kulia kwa niaba yake, siku nyingine nilitaka kumfukuza, hasa foleni ikiwa ndefu.

Kwetu ukitaja dhahabu, maneno mengine yote uliyosema hayasikiki. Yeye alilijua hilo kwa uchungu. Wachache waliomjibu walitaka kwanza aonyeshe vipimo vya hapa chini, basi akaomba stoo kuukuu ya pamba huko upande wa Masumbwe, yenye kuta nene, isiyopitiwa na watu. Akafunga gololi kwenye ncha mbili za kijiti, akakining'iniza kijiti kwa uzi mwembamba ndani ya sanduku la kioo, akafunga mlango kwa kufuli. Kila asubuhi alichungulia kwa darubini kupitia tundu la ukutani, akaandika kijiti kimegeukia wapi. Watu wakamwona. Mzee, dhahabu, uzi, kijiti kinachogeuka chenyewe. Nani alihitaji kuelezwa zaidi? Dhahabu ile ilikuwa inatafuta nduguze.

Asubuhi ya siku ya tisa alikuta mlango umeng'olewa, sakafu yote mashimo, watu wamejaa na masururu na ukuta mmoja umeinama. Wenyewe huita rashi, pale tetesi moja inapohamisha kambi nzima. Akasimama mlangoni akipiga kelele watoke, ukuta unakuja, na hakuna aliyemsikiliza mpaka tofali la kwanza lilipodondoka. Hapo wakatoka wakikanyagana. Wa mwisho alikuwa hajamaliza hatua tatu nje ukuta ulipolala chini. Vumbi lilipotulia, mchimbaji mmoja akamfuata na gololi zote mbili kiganjani, za jasho na udongo.

"Chukua mali yako, mzee. Sisi tulifuata ilikoelekea tu."

Hakuna aliyethubutu kuiiba dhahabu yenye macho. Fundi aliponisimulia alilia, na sikujua kama analilia uzi uliokatika au ule uaminifu wa ajabu. Niliwacheka wale watu. Nilisema, jamani, ujinga gani huu, mtu anapima anguko nyie mnasikia dhahabu. Ningejua yanayonisubiri ningefunga mdomo.

Sasa habari ya tangazo langu la ukutani. Miaka michache nyuma, mteja mmoja mtanashati alitumia barua pepe ya duka langu kumwandikia mgeni wa nje kwamba ana dhahabu ya kuuza. Mgeni akalizwa. Polisi walipokuja mtanashati hayupo, na anwani ni yangu. Nililala kituoni siku mbili, Zuhura akalala kwa jirani, kompyuta yangu ikakaa kwao miezi. Nilipotoka nilibandika karatasi: HATUSHUGHULIKI NA BARUA PEPE ZA DHAHABU. Na kila barua ya namna hiyo iliyoingia niliitupia kwenye faili nililolipa jina la Matapeli, iwe ushahidi siku nikiulizwa. Fundi alilisoma tangazo, akaniuliza kama na yeye linamhusu, kwa kuwa hakuwa na anwani nyingine ila ya dukani kwangu.

"Wewe hujawahi kujibiwa la maana," nikamwambia, "kwa hiyo halikuhusu."

Ulikuwa utani. Aliucheka kwa pua.

Jibu lilikuja wakati wa kuvuna mpunga. Liliandikwa na watu nisiowajua, wa nchi ya mbali. Walisema wamesoma ombi, limewavutia, wana nafasi ndogo kwenye chombo kitakachorushwa, na safari hiyo wataigharamia wao. Walichotaka ni majibu ya maswali matatu, na gololi ya dhahabu itumwe kwao kabla ya mwisho wa mwezi ili ikaguliwe.

Nilisoma mara mbili. Mgeni asiyejulikana. Bure. Haraka. Tuma dhahabu. Ningeambiwa niandike barua ya kitapeli ya kufundishia watu, ningeandika hiyo hiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na Fundi nilimjua: nikimwonyesha, hatauliza swali hata moja, ataifunga gololi kwenye kitenge na kuituma siku hiyo hiyo, na mkewe atabaki na bati linalovuja na hadithi ya kusimulia. Nikaitupia kwa Matapeli. Niwe mkweli, nilijisikia vizuri. Niliona nimemwokoa.

Baada ya siku tatu akaja. "Hamna kitu?"

"Hamna, Fundi."

Mwezi uliofuata akaja tena, na uliofuata. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Kibanio kilimponyoka mbele yangu, jiwe la kupimia likabingiria chini ya fotokopi, tukalitafuta wote wawili kwa magoti. "Hamna kitu?" "Hamna." Uongo wa kwanza nilimwambia kwa upendo, uliofuata kwa mazoea. Siku moja, baada ya jibu langu, alinitazama usoni kama anavyotazama namba zisizotulia. Kisha akatoa drafti.

Mvua za kwanza zilipoanza, ikaja barua ya pili kutoka kwa watu wale wale. Ilikuwa fupi. Walisema kwa kuwa hawakupata jibu, nafasi wamewapa wengine. Hawawezi kuahidi kama itatokea nyingine. Wanamtakia mzee heri katika kazi yake, na swali lake ni zuri.

Nilikaa nikaitazama mpaka mteja akanigongea meza. Nimekula chumvi ya Kahama, nawajua matapeli wa kila sampuli: wanabembeleza, wanatisha, wanalia. Hawaagi. Tapeli hajawahi kumtakia mtu heri akaondoka. Nikafungua faili la Matapeli, nikaisoma ile ya kwanza upya, na safari hii nikayasikia maneno mengine yote.

Nilingoja aje nimwambie. Hakuja. Wiki mbili zikapita, mnunuzi mmoja akaniambia Fundi mikono imemgomea, hatoki tena. Wiki zile mbili sikula vizuri. Ningeweza kunyamaza hadi mmoja wetu aingie kaburini na hakuna ambaye angejua. Mficha uchi hazai, mama yangu alikuwa akisema, na nilijua sitaweza hata kumfundisha Zuhura kusema kweli. Nikafunga duka asubuhi, nikaenda Didia.

Mkewe alikuwa uani anapepeta choroko. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mayu, karibu. Yupo huyo, anakusumbukia wewe na drafti yako." Fundi alikuwa kwenye kiti cha kamba chini ya upenu, mikono ameilaza mapajani, wa kushoto juu ya wa kulia, ili usicheze. Alifurahi kuniona. Sikukubali kukaa.

"Fundi, jibu lilikuja."

Akatabasamu. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba kwanza alitabasamu.

"Lini?"

"Wakati wa kuvuna mpunga."

Uani ungo wa mkewe ukaacha kupepeta.

"Nikaja dukani," akasema.

"Ulikuja."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza, Fundi." Nikamweleza yote, polisi, faili, dhahabu kwa kifurushi, na barua ya pili. Nililia nikiwa nimesimama. Mkono wake wa kulia ulitoka chini ya wa kushoto ukatetemeka wazi, hakuurudisha.

"Soma," akasema.

Nikasoma ya kwanza, nikasoma ya pili. Kwenye "swali lake ni zuri" akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Maswali yao matatu. Toa simu, andika."

"Fundi, nafasi imeshachukuliwa."

"Nimesikia. Andika."

Akanitajia majibu, polepole, kama zamani. Uzi unafanya nini kukiwa na joto. Vumbi analizuiaje. Kwa nini dhahabu na jiwe hilo, akasema, kwa sababu vimelala pamoja. Kisha akaniambia niandike kwamba hao waliopewa nafasi joto litawadanganya, litamdanganya yeyote, na yeye ana madaftari ya makosa yake yote miaka yote, kama watayataka yapigwe picha yaende bure. Na kwamba gololi zipo. Ikipatikana nafasi nyingine, zipo.

Mwisho, kwa mazoea tu, nikauliza, "Taasisi?" Nikatamani ardhi inimeze.

"Andika duka lako," akasema.

"Fundi..."

"Sijakusamehe, Mama Zuhura. Sijui kama nitakusamehe. Lakini barua inataka mtu wa kuulizwa. Safari hii watakuuliza wewe."

Nikaandika jina la duka langu, Nyasubi, Kahama. Intaneti ilikuwa haishiki pale upenuni, nikaelekea kwenye jabali nyuma ya zizi. Nilipogeuka, alikuwa ameinuka kitini.

"Baki, Fundi. Naituma nashuka."

"Sikuachii tena peke yako."

"Baba we, utaanguka!" mkewe akapiga kelele.

"Kuanguka ndicho kitu pekee nilichokisomea," akamjibu, na hakucheka.

Alipanda kwa magoti na viganja, macho ameyafumba, nikimtangulia na yeye ameshika pindo la khanga yangu. Mara mbili alisimama nikasikia meno yake yakigongana. Mvua ya jana ilikuwa imeacha utelezi, na kila jiwe dogo lililobingirika chini yake alingoja mpaka alisikie limefika. Juu hakusimama. Alikaa, akachimbia vidole kwenye ufa wa mwamba, akafumbua macho, akayaelekeza kwenye simu yangu, hakutazama kwingine.

Nikabonyeza. Kile kiduara cha kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka. Alikuwa amezuia pumzi, mabega yametulia kabisa, hata mkono wa kulia umetulia. Na mimi nikagundua nimeizuia yangu.

"Imekwenda," nikasema.

"Nionyeshe."

Nikampa simu. Akaisoma barua yote tangu juu, akafika kwenye taasisi, akasoma hapo mara mbili, akalitafuta neno linalosema imetumwa mpaka akaliona kwa macho yake. Ndipo akaachia pumzi, akaniomba nimshike mkono tushuke.